Mnyonya Damu Akae Rafu Ipi?

Mpenzi wa vitabu vya wanyonya damu huanza na kazi nyepesi. Huvishusha vyote sakafuni, huvipangusa vumbi, kisha huvirudisha kwenye kabati akifuata alfabeti ya majina ya waandishi. Akifika herufi S, Bram Stoker anafuatwa na Montague Summers, na hapo mkono unasita. Stoker alitoa Dracula mwaka 1897 akijua kwamba anatunga. Summers, aliyejitambulisha kama padri, alitoa kitabu chake mwaka 1928 akiamini kwamba viumbe hao wapo. Je, mtunzi na muumini wakae pamoja?

Wakutubi wanaofuata mfumo wa Melvil Dewey wana jibu la namba: riwaya za Kiingereza 823, ngano na mila 398, mambo ya mizuka 133. Lakini kila namba ni hukumu. Ukikitia kitabu kwenye 398, umeshasema kwamba waliosimulia walisimulia ngano, hata kama wao walikula kiapo.

Na wapo walioandika kama mashahidi. Mwaka 1732 Johannes Flückinger, daktari wa jeshi la Austria, alisimamia ufukuaji wa makaburi katika kijiji kimoja cha Serbia, akaandika ripoti: maiti hazikuoza, na zilikuwa na damu mbichi. Hakudanganya. Alichokosa ni elimu ya namna mwili unavyooza. Gesi huufurisha, damu husukumwa hadi kinywani, ngozi hunywea na kucha huonekana kana kwamba zimeota. Paul Barber aliyaeleza hayo kwa kina katika kitabu chake cha 1988.

Mtawa Mbenedikto Augustin Calmet, katika kitabu chake cha 1746, aliumizwa na jambo jingine. Kufufua wafu ni kazi ya Mungu peke yake. Basi maiti atokaye kaburini kwa matakwa yake anatoka kwa idhini ya nani? Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa, mtawala wa Austria, baada ya kupokea taarifa ya daktari wake Gerard van Swieten, alipiga marufuku kufukua na kuchoma maiti.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda Serbia. Mumiani lilikuwa jina la dawa kabla ya kuwa jina la mtu anayewinda damu za watu, na enzi za ukoloni wazimamoto walidhaniwa kufanya kazi hiyohiyo. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Anaonyesha kwamba uvumi, hata pale tukio lisipokuwapo, unahifadhi jinsi watawaliwa walivyowaona wenye magari, sindano na amri.

Kwa hiyo mpangilio wa haki unafuata kile ambacho mwandishi anamwomba msomaji: kuburudika, kuamini, au kuelewa. Stoker aende kwenye rafu ya kwanza, Summers ya pili, Barber na White ya tatu. Calmet, aliyeiuliza imani yake maswali, anastahili kukaa mpakani mwa hizo mbili za mwisho.

Rafu ya tatu iwekwe usawa wa macho, kwa kuwa kutoelewa kunaua. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, watu waliotuhumiwa kunyonya damu waliuawa na makundi ya wananchi, na Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka Mulanje na Phalombe.