Bamba la Tatu

Je, mikono isiyo na kipimo yaweza kuunda mashine iliyonyooka? Swali hili hunijia ninapoyeyusha pistoni chakavu nyuma ya nyumba yangu, Geita, nikijiundia mashine ya kukerezea.

Kuyeyusha si shida. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Mkaa na mvukuto vyatosha. Warongo wa nchi hii zamani waliyeyusha mawe wakapata chuma. Shida ni kupata uso ulio sawa.

Mwaka 1840 Mwingereza Joseph Whitworth alieleza njia: chukua mabamba matatu, yalinganishe mawili mawili kwa zamu, ukikwaruza palipoinuka. Kwa nini matatu? Kwa sababu mawili pekee huweza kupatana kabisa, kumbe moja limebinuka na jingine limebonyea. La tatu huyaumbua.

Basi, ndugu msomaji, mapatano si haki. Machimboni, mwenye leseni na mwenye duara huweza kuelewana vizuri sana juu ya mgawo wa mifuko ya mawe. Aliyeshuka shimoni ndiye bamba la tatu. Asipoketi nao, mapatano yao yaweza kuwa kamili, na bado yamepinda.