Kwani Lazima Tufike Juu?

Kuna mchezo ambao marafiki zangu wa Nairobi wanauchukulia kwa uzito kuliko wengine wanavyochukulia mpira. Unachukua kaunti zote 47, unatafuta mahali palipo juu kabisa katika kila moja, unapanda, unapiga picha, unaweka alama kwenye orodha. Ukimaliza 47 umemaliza Kenya, ati. Mimi ni mwanachama wa kikundi kimoja cha aina hiyo na sitakicheka hapa. Orodha imenitoa kitandani Jumamosi saa kumi alfajiri na kunifikisha vijiji ambavyo nisingepata sababu nyingine ya kuviona.

Ila orodha ina ukichaa wake. Makueni, kwetu, ilimegwa kutoka Wilaya ya Machakos mwaka 1992. Kabla ya hapo hakukuwa na kilele cha Makueni kwa sababu hakukuwa na Makueni ya kuwa na kilele. Hakuna jiwe lililosogea mwaka huo. Mtu alichora mstari kwenye ramani, na leo vijana wanaamka usiku kuufuata mstari huo na viatu vya elfu kumi.

Kwa hesabu za kikundi chetu, Makueni ni vilima vya Chyulu, mita 2,188. Nzaui haimo. Nzaui ndio mlima uliosimama karibu na Matiliku. Ukipanda matatu kutoka Emali kuelekea Wote huwezi kuukosa. Niliwaomba wenzangu tuupande hata kama hauleti alama yoyote. Watu kumi na mmoja wakakubali, na mabishano yakaanza kwenye WhatsApp kabla hata ya mtu kununua maji.

Sababu ni hii. Simulizi za Wakamba zinasema Mulungu aliwaleta watu wa kwanza duniani pale Nzaui. Wapo wanaosema waliteremshwa kutoka juu, wapo wanaosema walitolewa kwenye shimo mwambani. Nyayo zao, wanasema wazee, bado ziko kwenye jiwe. Tena vilima vya Ukambani vilikuwa na mathembo, mahali pa kutolea sadaka, ambapo si kila mtu aliingia wala si siku yoyote. Sasa sisi tunakuja kutoka Nairobi na spika ya bluetooth. Tupande mpaka kwenye zile nyayo? Tuzikanyage? Tupime kama kiatu kinaingia?

Kiongozi wetu alisema mlima ni wa kila mtu. Hilo ni kweli nusu. Hakuna anayeingia madhabahuni pa kanisa la watu na matope miguuni, akijipiga selfi, kwa sababu tu Katiba inampa uhuru wa kutembea. Mahali panaweza kuwa wazi kwa wote na bado pakawa na namna yake ya kuingiwa.

Lakini hapa Nzaui mambo hayanyooki hivyo. Africa Inland Mission ilianzisha kituo chake cha kwanza Kenya hapo hapo Nzaui, mwaka 1895. Wanaoishi chini ya mlima leo wengi ni watu wa kanisa. Kwa hiyo, tukijinyima kilele, tunamheshimu nani? Jamaa mmoja kikundini aliuliza kama hatuwafanyi watu wa Matiliku makumbusho, tukiwalindia imani ambayo wenyewe waliiacha. Swali zuri, na lilinisumbua zaidi kuliko lile la uhuru.

Nikampigia simu Susu, ambaye ameimba kwaya ya kanisa maisha yake yote. Nilimuuliza kama kuna ubaya tukifika kwenye nyayo.

"Mimi hayo mambo ya mathembo siyaamini," akasema. "Lakini mwanangu, mtu hapigi kelele kwa nyumba ya babu yake. Hata kama babu alikuwa mlevi."

Sijapata jibu la kifalsafa lililo sawa zaidi. Susu hakusema mlima ni mtakatifu. Alisema kuna watu walipita pale kabla yetu, na kwamba kutokubaliana nao hakutuondolei adabu.

Wapandaji wakubwa walishalijua jambo hili. Mwaka 1955 Joe Brown na George Band walikuwa Waingereza wa kwanza kufika juu Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani. Wakasimama hatua chache chini ya kilele, kwa sababu mtawala wa Sikkim alikuwa ameahidiwa kwamba hakitakanyagwa. Wengi waliofuata wameishika ahadi hiyo. Na hakuna kitabu cha milima kinachosema Brown na Band hawakuupanda. Bhutan nayo ilipiga marufuku kupanda milima inayozidi mita 6,000 mwaka 1994, ndiyo maana Gangkhar Puensum, mita 7,570, haijakanyagwa na mtu mpaka leo.

Mfano wa Uluru kule Australia unauma zaidi. Waanangu, wenye mwamba ule, walirudishiwa hati ya ardhi mwaka 1985. Kwa miaka mingi waliwaomba watalii kwa upole wasipande. Watu walisoma lile bango, wakapanda. Marufuku ilipotangazwa kuanza Oktoba 26, 2019, foleni zikawa ndefu kuliko kawaida. Kila mtu anataka kuwahi. Ombi peke yake halikutosha.

Mwenzetu mmoja, dada, alitupa jiwe ambalo bado sijaweza kulidaka vizuri. "Kila nikisikia mila inakataza, huwa naangalia ni nani anayekatazwa. Mara nyingi ni mimi." Ana haki. Jibu langu, kama ni jibu, ni kwamba kuna tofauti kati ya katazo linalogusa maisha ya mtu na ombi linalogusa starehe ya mgeni. Mwanamke anayezuiwa kurithi shamba amenyang'anywa kitu. Mtu wa Nairobi anayeombwa asikanyage jiwe moja amekosa picha. Hakuridhika, akasema mimi ndiye niliyeamua picha ni kitu kidogo. Tuliachia hapo.

Tulipanda. Tulitembea na kijana wa pale, boda boda siku za wiki, anayeujua mlima kwa sababu ng'ombe wa kwao hupotelea huko. Yeye amepanda Nzaui mara ambazo hazihesabiki na hana orodha. Alituonyesha nyayo kwa kidole, akiwa mbali kidogo, kisha akakaa kivulini. Tisa kati yetu tukakaa naye. Wawili wakasogea, wakaweka viatu vyao kando ya jiwe, wakapiga picha, wakarudi. Hakuna radi iliyopiga. Tulikula mahindi ya kuchoma na maparachichi, upepo ukiwa mkali mpaka kofia ya mtu ikaenda zake.

Yule kijana hakusema neno juu ya wale wawili. Ila tulipokuwa tunashuka, kiongozi wetu alimuuliza kama tunaweza kurudi Desemba tukiwa kikundi kikubwa zaidi, watu arobaini hivi. Akafikiri kidogo, akasema tukamuulize Susu.