Boriti Ukutani mwa Jirani

Nyumba tunayopanga hapa Nyasho, Musoma, ina vyumba vitano na mita moja ya LUKU. Mpangaji mwenzetu amenunua bodaboda ya umeme. Anataka kuichaji usiku barazani, na hela ya kulipia anayo. Wengine wamegoma. Kwa kuwa nafundisha madrasa, wamenijia: dini inasemaje?

Kijana anasema, "Ustadhi, si nalipa?" Kulipa hakutoshi. Kwa bei ya umeme tuko kundi la D1: uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, zinazozidi ni shilingi 350. Betri yake inakula uniti mbili hadi tatu kwa chaji moja. Akichaji kila usiku, peke yake anaweza kuzimaliza hizo 75. Akitoa shilingi 100 kwa uniti, nafuu yetu sote ameibeba yeye. Mali ya shirika haichukuliwi bila ridhaa ya washirika, hata kwa bei.

Lakini waliogoma nao wana la kujibu. Abu Huraira amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza mtu kumzuia jirani yake kuchomeka boriti ukutani mwake. Watu waliposikia wakainamisha vichwa, Abu Huraira akawakemea. Imamu Ahmad aliona ni wajibu kumruhusu, maadamu ukuta haudhuriki. Sisi Mashafii tumefundishwa kwamba ni jambo la kupendekezwa tu, mwenye ukuta anaweza kukataa. Katika hili moyo wangu uko na Ahmad. Mwenye nyumba yake anachaji apendapo. Mpangaji hana ukuta wala mita. Ukimnyima hapa, unamwambia riziki yake akaitafute kwingine, na kwingine hana.

Wajerumani wamefika hapo hapo kwa njia ya bunge. Tangu Desemba 2020, mwenye fleti ana haki ya kudai chaja ya gari la umeme kwenye maegesho ya pamoja. Wenzake wanaamua itawekwaje, na gharama ni juu yake.

Nimependekeza awekewe mita ndogo, fundi avute waya mnene badala ya ekstensheni ya kupitisha dirishani, na uniti zinazovuka 75 kwa sababu yake azilipie kwa 350. Watatu wamekubali. Mama wa chumba cha pili bado anakataa: wanawe wanalala nyuma ya ukuta wa baraza, anaogopa moto. Hiyo si husuda, hayo ndiyo madhara aliyoyachunga Ahmad. Fundi atamweleza yeye kwanza, kabla hajagusa ukuta.