Serikali na Fedha ya Bangi

Zipo nchi ambako leo mtu mzima huingia dukani mchana kweupe, akaonyesha kitambulisho chake, akanunua bangi kama anunuavyo chumvi, akatoka na stakabadhi mkononi. Katika karatasi hiyo, chini ya bei, imeandikwa sehemu ya Serikali. Juu ya mnunuzi mengi yamekwisha kusemwa: kama afanya vema au vibaya, kama ajidhuru yeye peke yake au na jamaa zake. Sisi leo twataka kuutazama ule mstari wa chini. Serikali ipokeapo fedha itokanayo na kitu ambacho yenyewe yakiri kwamba kina madhara, yasimama mahali gani? Je, ni mlinzi aliyewekwa mlangoni, au ni mshirika wa biashara aliyeketi nyuma ya meza pamoja na mwenye duka?

Hapa Tanzania bangi imekatazwa, na sheria ya mwaka 2015 juu ya dawa za kulevya haikuacha mashaka. Lakini msomaji asidhani kwamba swali hili ni la wageni tu. Jina lenyewe “bangi” liliifikia pwani yetu kwa njia ya bahari kutoka upande wa Bara Hindi, na ni huko Bara Hindi ambako dola kubwa ilijaribu, zamani kabla ya hawa wa leo, kuitawala bangi kwa kodi. Waingereza walipotawala huko hawakuikataza. Katika Bengali mmea ule ulilimwa na wakulima wenye leseni katika wilaya ya Naogaon, ambayo leo imo katika nchi ya Bangladesh. Mazao yaliwekwa ghalani chini ya ulinzi. Ushuru ulilipwa kwa uzito. Na haki ya kuuza rejareja ilinadiwa mnadani. Mwaka 1893, baada ya jambo hilo kuulizwa katika Bunge la London, iliundwa Tume iliyosikiliza mashahidi zaidi ya elfu moja na kuandika taarifa ya vitabu saba. Shauri lake lilikuwa kwamba bangi isikatazwe kabisa, bali izuiwe isienee, kwa leseni na kwa kodi.

Maofisa wa ushuru wa siku zile walikuwa na kanuni yao waliyopenda kuitaja: kupata fedha nyingi iwezekanavyo kutoka kwa matumizi machache iwezekanavyo. Ni kanuni nzuri masikioni. Lakini tuipime. Ndani yake mna mabwana wawili. Mmoja ataka wavutaji wapungue. Wa pili ataka sanduku lijae. Kodi ikiwa ndogo na wavutaji ni wengi, ni rahisi mabwana hawa kuafikiana, maana kodi ikipanda kidogo wavutaji hupungua na fedha huongezeka kwa pamoja. Iko siku, hata hivyo, ambapo njia zao zitaachana, na siku hiyo ndipo itajulikana ni yupi aliyekuwa bwana wa kweli.

Tuuchukue mfano wa Colorado, jimbo la Marekani. Wananchi wake walipiga kura mwezi wa Novemba 2012, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014, ingawa sheria ya Marekani nzima iliendelea kuikataza bangi. Jimbo liliweka kodi mbili: 15 kwa mia bangi itokapo shambani kwenda dukani, na nyingine ya pekee anunuapo mvutaji, iliyokuwa 10 kwa mia kwanza, ikapandishwa kuwa 15 mwezi wa Julai 2017. Wapiga kura waliahidiwa kwamba dola milioni 40 za kwanza za kila mwaka, kutoka ile kodi ya shambani, zitatumika kujenga shule. Ahadi ya namna hiyo ina nguvu sana. Mzazi ambaye asingethubutu kuisifu bangi aweza kunyamaza akisikia kwamba mtoto wake atajengewa darasa.

Fedha ilikuja kweli. Mwaka 2021 jimbo hilo lilipata zaidi ya dola milioni 400 kutokana na bangi. Baadaye bei ikaanguka, majirani kama New Mexico wakafungua maduka yao wenyewe, na mwaka 2023 mapato hayakufika milioni 300. Kama kodi hii ingekuwa ua tu, uliojengwa ili watu wasipite, tungeuliza kwanza ni wangapi walioacha kupita, na kama ni wengi tungefurahi. Lakini katika hesabu za Serikali, fedha ikipungua jina lake ni pungufu, hata kama imepungua kwa sababu njema, na pungufu hutafutiwa wa kuliziba. Mchovya asali hachovyi mara moja, na Hazina nayo ina ulimi.

Tena tuulize: fedha hiyo yatoka kwa nani hasa? Mara nyingi watetezi wa kodi hii hutuonyesha picha ya bwana mmoja mpole, avutaye Jumamosi jioni barazani kwake, halafu Jumatatu arudi kazini. Bwana huyo yupo, hatukatai. Lakini hesabu iliyofanywa mwaka 2014 kwa ajili ya Serikali ya Colorado yenyewe ilionyesha jambo jingine. Wale wavutao kila siku, au karibu kila siku, walikuwa kama mmoja tu katika kila wavutaji watano; nao hao wachache ndio waliovuta theluthi mbili za bangi yote. Basi mwenye kulijenga darasa siye yule bwana wa Jumamosi. Ni kijana aamkaye na bangi na kulala na bangi, ambaye mama yake amekwisha kuchoka kumwombea na kumsihi. Yeye ndiye mlipa kodi mwaminifu, hachelewi hata siku moja. Akipona, Hazina imempoteza mteja wake bora.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo, kwa maoni yetu. Serikali ni ya raia wote, lakini ina wajibu wa pekee kwa aliye dhaifu. Haifai kabisa udhaifu wake uwe shamba la kuvunia.

Hata hivyo tusiwe wadhalimu kwa waliochagua njia hii. Marufuku nayo ina kodi yake, inayolipwa kwa mlanguzi, na mlanguzi haulizi umri wa mtoto wala hapimi alichokichanganya katika mzigo wake. Katika Marekani marufuku ilikuwa na aibu nyingine pia: uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mtu mweusi alikuwa katika hatari ya kukamatwa kwa kukutwa na bangi karibu mara nne kuliko mweupe, ingawa watu wa rangi zote mbili waliitumia karibu sawasawa. Mtu aliyeona jirani yake akipelekwa gerezani kwa msokoto mmoja, na mwana wa tajiri akiachwa aende zake, hawezi kulaumiwa akisema kwamba heri duka lenye leseni na mkaguzi. Hoja hiyo ni hoja ya haki, nasi twaiheshimu. Lakini inatetea duka na mkaguzi. Haijasema lolote juu ya kulijengea shule sanduku la fedha ya bangi. Mambo hayo mawili hufungwa katika mzigo mmoja kila mara, na raia hutakiwa aubebe wote.

Kuna na ugumu wa kazi yenyewe. Kodi ikizidi, mvutaji humrudia mlanguzi, na California ni shahidi. Huko maduka yalifunguliwa Januari 2018 yakiwa na kodi ya 15 kwa mia, na nyingine juu ya mkulima, tena na za miji. Biashara ya magendo haikufa, wala haijafa. Kodi ya mkulima ikafutwa mwaka 2022. Tarehe 1 Julai 2025 ile ya dukani ikapandishwa mpaka 19 kwa mia. Haikupita miezi mitatu, tarehe 1 Oktoba ikarudishwa kuwa 15. Msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya wahasibu. La, asikilize nani walipinga kupunguzwa. Sehemu ya fedha ile imewekwa kwa ajili ya malezi ya watoto wa maskini na kwa kuwakinga vijana na dawa za kulevya. Basi miongoni mwa waliosimama kuitetea kodi kubwa walikuwa watetezi wa malezi ya watoto. Hatuwalaumu hata kidogo. Walitetea mkate wa watoto. Lakini tazama walivyowekwa: mtu mwema, aliyejitolea maisha yake kwa watoto wadogo, alazimika kuwahesabu wavutaji wa bangi kama mkulima ahesabuvyo mawingu.

Hata namna ya kutoza ina maana yake. Kanada, iliyohalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, hutoza dola moja kwa gramu au 10 kwa mia ya bei ya mtengenezaji, ile iliyo kubwa zaidi. Tozo la gramu ni sawa kwa bangi hafifu na kwa ile kali. Basi mwenye kutafuta kulewa huona faida katika iliyo kali. Illinois wametumia akili zaidi: kodi ni 10 kwa mia kwa bangi ya nguvu ya kawaida, na 25 kwa mia ile nguvu iletayo ulevi ikipita 35 kwa mia. Kodi ya namna hii yasema neno. Yamwambia mnunuzi kwamba Serikali yajua tofauti kati ya bia na gongo.

Wako wengine waliojitahidi kutoitamani fedha. Uruguay ilipitisha sheria yake Desemba 2013, na maduka ya dawa yakaanza kuuza Julai 2017. Mnunuzi huandikishwa, hapewi zaidi ya gramu 40 kwa mwezi, matangazo yamekatazwa, mtalii hauziwi, na bei hupangwa na Serikali ili kumpokonya mlanguzi wateja wake. Ujerumani tangu mwaka 2024 haina maduka ya bangi ya kumwuzia kila mtu. Watu wazima waweza kupanda miche mitatu nyumbani, au kujiunga na chama kisichozidi watu 500 na kisichotafuta faida. Njia hizi nazo zina kasoro zake, na uandikishaji wa Uruguay uliwatia hofu wengi waliokumbuka utawala wa kijeshi. Lakini zina heshima moja: bangi ikipungua kesho, hakuna darasa litakalokosa bati. Thailand ilifanya kinyume. Iliitoa bangi katika orodha ya dawa za kulevya Juni 2022 kabla sheria ya kuitawala haijakamilika, maduka yakachipuka kwa maelfu, na ilipofika Juni 2025 ikabidi kuwarudisha watu kwenye cheti cha daktari, huku mitaji ya watu imekwisha kuzama humo.

Labda msomaji atauliza: fedha ikiwa imekwisha kulipwa, itupwe baharini? Hatusemi hivyo. Kodi juu ya kitu cha madhara ni halali, tena ni ya lazima kikiwa kimeruhusiwa, maana kuruhusu bila kodi ni kumtajirisha mfanyabiashara peke yake. Twasema kwamba fedha hiyo irudi ilikotoka: ijenge nyumba za kuwaponya wale waliokwisha kuwa watumwa, ilipe waganga na walimu wa kuwaonya vijana. Hapo wavutaji wakipungua na mapato hupungua, lakini na haja hupungua pamoja nayo, wala hakuna mtu mwema atakayelala akiomba wavutaji waongezeke. Quebec, ambako maduka ni mali ya Serikali yenyewe na asiyetimiza miaka 21 hauziwi tangu Januari 2020, wameelekea njia hiyo kwa kuzitumia faida katika kinga na utafiti. Shule na mishahara zijengwe juu ya kodi ambazo tungependa ziongezeke kila mwaka bila kuona haya.

Wala tusiwacheke watu wa Colorado. Kila mwezi wa Juni Waziri wetu wa Fedha husimama Bungeni kusoma bajeti, na miaka mingi humo bia na sigara vimo, navyo hupandishwa shilingi kadhaa kwa lita na kwa kila sigara elfu. Sisi huuliza tu bei mpya ni ngapi. Wengine hucheka, wengine hunung'unika. Fedha hiyo huingia katika mfuko mmoja na fedha nyingine zote, na ni wachache waulizao ni kiasi gani kati yake kilichomfikia mlevi aliyelala mtaroni, au mkewe na watoto wake. Bajeti ijayo itasomwa katika redio kama kawaida, na jamaa nyingi zitaisikiliza zikiwa mezani. Twawaomba wazazi wausubiri mstari huo wa bia, na baada ya kuisikia bei wawaulize wabunge wao swali hilo la pili.