Tusiishukuru Dhiki Peke Yake

Kijana anayebeba magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na usiku akarekodi nyimbo zake katika studio ya chumba kimoja, hakosi kuambiwa: vumilia mdogo wangu, hata Diamond alianza hivyohivyo. Maneno hayo si uongo. Nasibu Abdul, ndilo jina halisi la Diamond, aliyezaliwa mwaka 1989, alilelewa Tandale, Dar es Salaam, na mama na bibi yake. Aliuza mitumba, akafanya kazi kituo cha mafuta, na inasimuliwa kwamba fedha za kurekodi mwanzoni zilitokana na pete ya mama yake. Leo Wasafi, kampuni yake, ni lebo, ni redio, ni televisheni. Waliosema baada ya dhiki faraja wamepata shahidi.

Ila ziwa letu, Victoria, lina shahidi mwingine. Upande wa Bukoba, mwaka 1976, alizaliwa Saida Karoli, msichana wa kijijini aliyeizoea ngoma tangu utotoni. Mwaka 2001 wimbo wake "Maria Salome", ambao wengi tunauita "Chambua Kama Karanga", ulichezwa harusini hata na watu wasiojua neno moja la Kihaya, ukavuma hadi Uganda. Kisha ikapita miaka mingi bila sauti yake kusikika sana. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakatoa "Salome", iliyojengwa juu ya wimbo huo, na watoto ambao mwaka 2001 walikuwa hawajazaliwa wakaucheza kama wa kwao.

Wote wawili walianzia chini. Nani atathubutu kusema kwamba Saida hakuvumilia vya kutosha? Kipaji alikuwa nacho, na bidii pia. Lakini kizazi chake kiliimba zama za kanda, ambapo wasanii wengi walimkabidhi msambazaji kazi yao kwa malipo ya mara moja, huku kanda za wizi zikiuzwa kila kona. Sheria ya Hakimiliki ilikwishapitishwa mwaka 1999, ila sheria haimfai mtu asiyejua kwamba ipo. Diamond alikuja wakati simu na YouTube zimemsogeza msikilizaji karibu, naye hakuridhika kuimba tu. Alitaka kumiliki jukwaa lenyewe.

Ndiyo maana nasita kila ninaposikia dhiki ikisifiwa kuwa mwalimu. Inafundisha, kweli. Aliyeuza mitumba anajua kumwita mteja, anajua bei inayobebeka, haoni haya kukataliwa mara kumi akajaribu tena. Mfanyabiashara wa burudani anahitaji hayo yote. Lakini dhiki haimfundishi mtu kusoma mkataba wala kupiga hesabu ya fungu lake, na nguvu ya kuikataa fedha ya haraka ndiyo hasa inayomnyima. Njaa ileile inayompa mtu cha kuimba ndiyo inayomharakisha kutia saini.

Na tukiitazama vizuri simulizi ya Tandale, aliyemvusha kijana yule si dhiki. Ni mama ambaye pete yake iligeuka fedha za studio. Nyumba zilizokuwa na shida kama ile zilikuwa nyingi. Zilizopata mtu wa kujinyima kwa ajili ya ndoto isiyo na uhakika zilikuwa chache. Nadhani tunapenda kuishukuru dhiki kwa sababu haitudai chochote. Tukimshukuru mama yule, tunabaki na deni: na sisi tujinyime kwa ajili ya nani?

Basi kijana wa Mwaloni akipita na wimbo wake kwenye simu, tusimpe neno la vumilia halafu tukaendelea na yetu. Tumlipe anapotumbuiza harusini kwetu, badala ya kumwambia tunamkuza. Anayejua sheria akae naye auchambue mkataba kabla kalamu haijagusa karatasi. Uvumilivu anao tayari, tena kutuzidi.