Tuta la Nyumba na Tuta la Soko



Sisi tunaolima mboga hapa Luano, upande wa kiwanja cha ndege, tuna desturi moja ambayo hatuitaji mbele ya kusanyiko. Tunatenga tuta dogo la lenga-lenga na shu kwa ajili ya watoto wetu, na hilo hatulipigi dawa ya pompi. Matuta ya soko tunayapiga. Pengine tunayapiga siku ya tano, na siku ya posho asubuhi shu ziko sokoni, ingawa karatasi ya chupa inaamuru kungoja siku kadhaa kabla ya kuvuna.

Basi tunauliza: kama dawa haina ubaya, tuta la nyumba ni la nini? Na kama ina ubaya, yule anayekula mboga yetu huko mjini ni mtoto wa nani?

Wengine watajibu kwamba viwavi wanamaliza shu, na minervali ya watoto haingojei. Ni kweli, njaa si maneno. Kuua kiwavi hatukuiti dhambi. Lakini dawa kali haichagui. Kule Kenya, katika milima ya Taita, mwaka 2002 wataalamu wa icipe waliachilia nyigu mdogo anayetaga yai ndani ya kiwavi wa shu. Mtoto wa nyigu anamla kiwavi huyo kutoka ndani. Mwenye kupiga dawa kali anamwua nyigu pia, halafu viwavi wanarudi bila adui.

Wala tusijidanganye kwamba dawa ya majani ni safi kwa sababu imetoka porini. Majani ya buba yaliyotwangwa yanaua vidudu, na wazee waliyatumia kuvulia samaki. Ukiosha ndoo yake mtoni, umeua samaki wa jirani. Maji ya tumbako nayo ni sumu kwa mtu.

Kazi iliyo salama inachosha: kupita kila asubuhi, kugeuza majani, kuponda mayai na viwavi kwa vidole, kunyunyizia vidudu laini maji ya sabuni kidogo. Na mama mnunuzi anachagua shu isiyo na tundu (tumwambie kwa upole, maana naye anatusukuma kwenye pompi).

Siku ya posho iliyopita tulipeleka sokoni shu zenye matundu, tukaeleza sababu. Wengine walicheka, wengine walinunua kwa nusu ya bei. Mbili zilirudi nyumbani, zikapikwa pamoja na zile za tuta letu.