Tusimsingizie Mungu Mti Tulioacha Kuukata



Vijana wenzangu, leo naomba niwape kisa cha nyumbani kwetu Kyimo, kisha tufikiri pamoja. Kisa chenyewe kinaniaibisha kidogo, lakini nimeona afadhali niandike.

Wanaoijua Rungwe wanajua mvua yetu. Hapa chini ya Mlima Rungwe mvua ya Aprili haina adabu. Inaweza kunyesha siku tatu mfululizo, udongo ukalegea kama uji. Nilikuwa nimepewa ruhusa parokiani ninakofanya mwaka wa kichungaji, nikaja kumsalimia mama katika Oktava ya Pasaka. Alhamisi usiku upepo ukaanza. Mnamo saa nne tukasikia mlio mrefu wa kupasuka, halafu kishindo, halafu kuku wa jirani wakipiga kelele.

Mkaratusi wetu wa mpakani ulikuwa umeng'oka na mizizi yake. Ulilalia jiko la nje la bibi jirani yetu. Mabati yalikunjika kama karatasi, ukuta mmoja ukaanguka, masufuria yakabonyea, na migomba mitano ikaenda na maji. Bibi mwenyewe hakuwemo jikoni. Alikuwa amelala ndani ya nyumba, mzima.

Asubuhi watu wakajaa. Tulihakikisha kwanza hakuna waya wa umeme uliokatika, tukawafukuza watoto waliokuwa wanataka kupanda juu ya gogo. Mti ulioanguka si mti uliotulia, jamani. Tawi lililobanwa chini likikatwa vibaya hufyatuka na kuvunja mguu wa mtu. Fundi wa chenso akaanza na matawi madogo, gogo akaliacha mwisho.

Wakati huo bibi alikuwa amesimama kando na khanga yake kichwani. Yeye ni Mmoraviani wa tangu zamani. Ndugu zetu hao walifika Rungwe mwaka 1891, na bibi hukumbusha kila mtu jambo hilo. Nikamwendea.

"Shikamoo bibi. Pole sana."

"Marahaba. Ndaga, Frateri. Ni mapenzi ya Mungu. Tumshukuru, hakuna aliyekufa."

Nami nikajibu haraka, tena kwa sauti ya mimbarini: "Ni kweli bibi, ni mapenzi ya Mungu."

Mama alikuwa karibu. Hakusema neno. Alinitazama tu, kisha akaendelea kukusanya matawi.

Nilijua kwa nini ananitazama. Desemba, nilipokuwa likizo, mama alinionesha ule mti. Ulikuwa umeinama upande wa bibi, na upande wetu udongo ulikuwa umepasuka kwenye mizizi. Akasema, "Baba, huu mti utatuletea kesi." Nikamwita fundi. Akataka elfu sabini, kwa sababu ulikuwa karibu na nyumba na ilibidi aushushe kwa kamba, kipande kwa kipande. Nikaona ni nyingi. Nikamwambia tutaona baada ya sikukuu. Wiki hiyohiyo nilitoa fedha zaidi ya hizo nikanunua simu. Baada ya sikukuu nikarudi parokiani, na mti nikausahau.

Sasa swali ndilo hili: nilikuwa na haki ya kusema "ni mapenzi ya Mungu"?

Nimesoma falsafa miaka mitatu, na mtu aliyesoma falsafa hakosi utetezi. Nilijiambia: mti sikuusukuma mimi, ni upepo. Sikutenda lolote. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino ameshaziba njia hiyo. Katika Summa anatoa mfano wa nahodha. Chombo kikizama kwa sababu nahodha aliacha kukiongoza, huku akiweza na akipaswa kukiongoza, kuzama huko kunahesabiwa kuwa kwake, ingawa mkono wake haukugusa kitu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1736, inafundisha hivyohivyo: tendo linaweza kuwa la hiari kwa njia isiyo ya moja kwa moja, likitokana na uzembe juu ya jambo ambalo mtu alipaswa kulijua au kulifanya. Mfano wake ni ajali ya mtu asiyejua sheria za barabarani. Na kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtofautisha mwenye ng'ombe aliyepiga mtu pembe kwa ghafla na yule ambaye alikwishaonywa kuwa ng'ombe wake ana tabia hiyo, asimfunge. Mimi nilikuwa nimeonywa. Na mama yangu mzazi.

Utetezi wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Nikajiuliza: Kyimo hii ina miti mingapi iliyoinama? Wenye miti hiyo nao wanasema "tutaona". Yao imesimama, wanalala usingizi. Wangu umeanguka, nimekuwa mkosaji. Je, kosa langu ni kubwa kuliko lao kwa sababu tu upepo ulipita kwangu? Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili jambo hili, wakaliita bahati ya kimaadili. Nagel anamtaja dereva asiyekagua breki zake. Siku mtoto akikatiza barabara, dereva huyo ana mauti mikononi. Mtoto asipokatiza, anafika nyumbani anakula. Uzembe ni uleule. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya barabara ya Mbeya kwenda Kyela hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Nilikaa na swali hilo siku nzima huku nikibeba kuni. Nikaona kwamba nilikuwa nachanganya mambo mawili: hatia na deni. Hatia iko moyoni, mbele za Mungu, na hapo huenda mimi na mwenye mti uliosimama tuko sawa kabisa. Naye anapaswa kutubu, ingawa hajui. Lakini deni halipimwi kwa moyo wangu. Linapimwa kwa jiko la bibi. Deni hilo ni langu peke yangu, na wingi wa watu wazembe kama mimi haupunguzi hata bati moja. Ndiyo maana Katekisimu, namba 1459, inasema dhambi nyingi humdhuru jirani, na kwamba lazima kufanya kila linalowezekana kurekebisha madhara hayo. Padre angeniondolea dhambi, lakini mabati asingeezeka yeye.

Jioni nikarudi kwa bibi. Nikamwambia, "Bibi, asubuhi sikusema kweli. Mti huu nilijua utaanguka. Niliona fundi ni ghali."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Najua. Mama yako aliniambia tangu Desemba."

Nikashtuka. "Sasa mbona hukusema?"

"Nisemeje, nawe unasoma upadre? Nikawa ninausikiliza tu. Upepo ukianza, nazima moto, nahamia ndani. Jana ndizi zilikuwa hazijaiva, nikaziacha kwenye mafiga."

Yaani, vijana wenzangu, nilikaa kimya. Mimi nilikuwa nimeuita uzima wake bahati. Asubuhi nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa sauti kwamba bibi "hakuwemo". Kumbe hakuwemo kwa sababu kwa miezi minne mwanamke mzee alikuwa akilala na njaa kila penye upepo, akiubeba wajibu nilioutua mimi. Naamini kabisa kwamba Mungu alimlinda. Lakini alimlinda kwa kumpa masikio makini, wakati mimi alikuwa amenipa macho na elfu sabini.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sentensi ileile si kitu kimoja katika kila kinywa. Bibi akisema "ni mapenzi ya Mungu", anakataa kunichukia. Hiyo ni imani. Mimi nikisema vilevile, nanawa mikono. Hapo namsingizia Mungu.

Katika Luka 13 watu wanazungumza na Yesu juu ya maafa, naye anawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anasema hawakuwa wakosefu kuliko wengine, kisha anawaambia wasikilizaji watubu. Mara baada ya hapo anatoa mfano wa mti, ule mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe, mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi. Lakini haombi mwaka wa kukaa tu. Anaahidi kulima kuuzunguka na kutia mbolea. Muda tunaopewa na Mungu una jembe ndani yake. Mimi nilipewa Desemba hadi Aprili, nikaifanya "tutaona".

Jiko la bibi linasimama tena. Nguzo zimetoka kwenye mkaratusi uleule. Mabati ni sita: matatu nimeyalipa, matatu nadaiwa dukani. Simu bado ninayo, ndiyo ninayoandikia haya, na kila nikiishika nakumbuka bei yake.

Nawe kijana, huenda kwenu hakuna mkaratusi. Lakini kuna pikipiki yenye breki mbovu unayombebea mdogo wako. Kuna maneno uliyoambiwa na mama ukasema "tutaona". Kuna mtu anayezima moto wake mapema kwa sababu yako, wala hujui. Usiku tunapofanya utafiti wa dhamiri tuna haraka na tuliyoyatenda. Tukae kidogo na tuliyoyaacha.

Bwana Yesu, utusamehe tulipokutwika uzembe wetu. Utupe kuamka kesho na kuanza na mti ulioinama. Amina.